Visu na mapanga ya Uluguru

Visu na mapanga ya Uluguru ni zana za kukatia zinazotengenezwa, kuuzwa, kubebwa na kukusanywa na wakazi wa Milima ya Uluguru na wa mji wa Morogoro ulio chini yake, nchini Tanzania. Zana hizo hutumika shambani, jikoni, buchani, porini na katika shughuli za dini na mila. Kwa mkulima wa milimani panga ni kitu cha kila siku kama kandambili. Mbele ya hakimu panga hilohilo linaweza kuwa kielelezo cha kesi. Kwa sababu hiyo historia ya visu katika eneo hili ni pia historia ya swali moja: ni lini kisu ni zana, na ni lini ni silaha?

Makala hii inaeleza majina ya visu, historia yake, jinsi vinavyofuliwa na kutunzwa, desturi na sheria za kuvibeba, pamoja na kazi ya kuvikusanya.

## Majina

*Kisu* (wingi: visu) ni jina la jumla la kifaa chenye bapa la chuma na mpini. Kisu kikubwa kupita kiasi huitwa *jisu*. *Panga* (wingi: mapanga) ni kisu kirefu na kizito cha kufyekea na kukatia miti. *Upanga* (wingi: panga) ni silaha ya vita. Wanafunzi huyachanganya maneno haya mawili kwa sababu "panga" ni umoja wa neno moja na wingi wa lingine. Upatanisho wa kisarufi huondoa utata: "panga limenolewa" ni zana moja ya shamba, "panga zimenolewa" ni silaha nyingi za vita.

Neno hili lina ndugu katika lugha nyingine za Kibantu. Katika Kichewa na Kibemba *lupanga* ni upanga. Kilele kinachoutazama mji wa Morogoro, chenye kimo cha mita 2,138, kinaitwa pia Lupanga, ingawa kufanana kwa majina peke yake si ushahidi wa asili moja. Kutoka Kiswahili neno panga limeingia katika Kiingereza kinachozungumzwa Afrika Mashariki.

Majina mengine yanayohusika ni haya:

* *Sime*: upanga mfupi wenye makali pande mbili, unaobebwa hasa na wafugaji Wamasai na Waparakuyo.
* *Jambia* na *hanjari*: visu vilivyopinda vya Waarabu, vinavyovaliwa mbele kiunoni. Majina yote mawili yametoka Kiarabu.
* *Kotama*: kisu kipana cha mgema wa tembo la mnazi.
* *Mundu*: kisu kilichopinda cha kukatia majani na mazao.
* *Kwanja* au *fyekeo*: kifaa cha kufyekea nyasi.
* *Wembe* na *kijembe*: vyuma vidogo vya kunyolea na kuchanjia.

Sehemu za kisu ni bapa (au kengee), makali, mgongo, ncha, mpini, na pete inayozuia mpini usipasuke. Mfuko wa kukihifadhi huitwa *ala*.

## Historia

### Chuma cha kale

Ujuzi wa kuyeyusha chuma katika nyanda zinazozunguka Uluguru ni wa kale. Huko Dakawa, kaskazini kwa mji wa Morogoro karibu na mto Wami, wanaakiolojia Randi Håland na Conrad Msuya walichimbua masalia ya uyeyushaji wa chuma na ufinyanzi ya milenia ya kwanza BK. Masalia hayo yanaonyesha kwamba watu wa eneo hili walikuwa na chuma chao kabla misafara ya biashara kutoka pwani haijapita hapa.

Katika tanuri za kale chuma hakikuyeyuka kuwa maji. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,538 za Selsiasi, na tanuri ya udongo yenye mivukuto haikufika huko kwa kawaida. Kwenye nyuzijoto 1,200 hivi, uchafu wa mawe uliyeyuka na kutiririka, na chuma kikabaki kama bonge lenye matundu. Mhunzi alilipasha moto bonge hilo na kuligonga mara nyingi hadi takataka zitoke, ndipo akafua jembe, mkuki au kisu. Kazi hiyo ilitumia makaa mengi na siku nyingi, kwa hiyo kisu kilikuwa mali ya thamani.

Sehemu mbalimbali za Tanzania zilikuwa na koo au makundi yaliyojulikana kwa uhunzi. Mifano ni Washana wa Upare, Wabarongo wa upande wa Ziwa Viktoria, na Wafipa wa kusini magharibi waliojenga tanuri ndefu za udongo.

### Wakati wa misafara

Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi ya Morogoro. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walipita Zungomero, kusini kwa milima. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita Simbamwenni, mji wenye kuta ulioanzishwa na Kisabengo mahali ulipo mji wa Morogoro wa leo. Kuta za mji huo ni ushahidi wa zama zenyewe: biashara ya watumwa na mashambulizi ya vikundi vyenye silaha vilifanya watu wengi waishi ndani ya ngome au wapande milimani.

Pamoja na vitambaa, shanga na waya za shaba, wafanyabiashara wa pwani walileta mitindo yao ya kubeba silaha. Baada ya Sayyid Said kuhamishia makao yake Unguja, jambia lilikuwa alama ya heshima kwa matajiri wa pwani. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, anaonekana katika picha zake akiwa na silaha za namna hiyo. Hata hivyo jambia halikuwa zana ya mkulima. Lilivaliwa ili lionekane.

### Ukoloni na visu vya dukani

Wajerumani walijenga reli kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro miaka 1905 hadi 1907. Reli iliteremsha gharama za bidhaa za chuma kutoka Ulaya. Visu vya Solingen nchini Ujerumani, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza vile vya Sheffield na mapanga ya Birmingham nchini Uingereza, viliingia madukani. Panga lenye chapa ya mamba la kampuni ya Ralph Martindale ya Birmingham lilijulikana katika sehemu nyingi za Afrika.

Ushindani huo uliua uyeyushaji wa chuma wa asili katika sehemu nyingi za nchi. Wahunzi hawakupotea, lakini kazi yao ilibadilika: waliacha kutafuta mawe ya chuma wakaanza kufua chuma chakavu.

Mashamba makubwa yalileta visu vya aina mpya. Mkonge, ulioletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, ulienea pia katika maeneo ya Kilosa na Morogoro, na wakataji wake walihitaji kisu kifupi, chepesi, cha kukata jani karibu na shina. Baadaye mashamba ya miwa ya Kilombero na Mtibwa yalihitaji panga pana la kukatia muwa chini kabisa, kwa kuwa sehemu ya chini ndiyo yenye sukari nyingi.

### Baada ya uhuru

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilihimiza nchi itengeneze zana zake yenyewe. Kiwanda cha Ubungo Farm Implements (UFI) cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilitoa majembe na mapanga yaliyofika hadi maduka ya vijijini. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, lilitoa mafunzo na vifaa kwa mafundi wadogo, wakiwemo wahunzi.

Mwaka huohuo wa 1967 Julius Nyerere alitangaza siasa ya Elimu ya Kujitegemea. Shule zilikuwa na mashamba, na katika shule nyingi mwanafunzi mpya wa bweni alitakiwa kufika na jembe, panga au kwanja pamoja na madaftari. Kwa vizazi kadhaa vya Watanzania panga lilikuwa kifaa cha shule kama kalamu. Kanuni ilikuwa rahisi: zana hutoka stoo kwa kazi, zikihesabiwa, na hurudi stoo baada ya kazi, zikihesabiwa tena.

## Utengenezaji

Mhunzi wa leo hutumia zana chache: mvukuto au feni ya kupuliza moto, makaa, fuawe, nyundo, koleo, patasi na tupa. Fuawe mara nyingi ni kipande cha reli au chuma kizito cha gari.

Malighafi inayopendwa ni springi za malori. Sababu yake ni ya kikemia. Chuma cha springi kina kaboni ya kiasi cha asilimia 0.6, kiasi kinachotosha kukifanya kiwe kigumu baada ya kupashwa moto na kupozwa ghafla. Nondo za kawaida za ujenzi zina kaboni kidogo; kisu cha nondo kinang'aa siku ya kununuliwa, lakini makali yake hulala baada ya kukata vijiti vichache.

Hatua za kazi ni hizi:

1. Springi hukatwa na kunyoshwa ikiwa nyekundu motoni.
2. Bapa hufuliwa kwa nyundo hadi lipate umbo, kisha makali husawazishwa kwa tupa.
3. Bapa hupashwa moto sawasawa hadi lisishikwe tena na sumaku, yaani karibu na nyuzijoto 770, kisha huongezwa moto kidogo na kutumbukizwa katika mafuta au maji. Chuma sasa ni kigumu sana, lakini huvunjika kama chupa.
4. Bapa hupashwa tena moto mdogo, kati ya nyuzijoto 200 na 300, ili kupunguza ukavu huo. Fundi asiye na kipimajoto hutazama rangi inayopita juu ya chuma kilichosuguliwa: kwanza njano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau na bluu. Kwa kisu cha jikoni husimama kwenye njano. Kwa panga linalogonga miti huendelea mbele zaidi.
5. Mpini hutiwa. Miti kama mpingo na mninga hufaa kwa sababu haipasuki kirahisi na huvumilia unyevu.

Hatua ya tatu na ya nne ndizo zinazotofautisha fundi na mgonga vyuma. Ni ujuzi wa macho unaojifunzwa kwa kukaa karibu na moto wa mwalimu, na hauandikwi kirahisi. Visu vya bei ndogo kutoka ng'ambo vinapojaa sokoni, vijana wachache huona faida ya kukaa miaka karibu na moto huo.

## Matumizi

Mashamba mengi ya Uluguru yako kwenye miteremko mikali ambako trekta na plau hazifiki. Kwa hiyo kazi karibu yote hufanywa kwa mkono. Panga husafisha shamba, hukata mikungu ya ndizi, hupogoa migomba na kuchonga mambo za kujengea. Katika vijiji vya mashariki kama Kinole na Matombo, ambako hulimwa nanasi, fenesi na viungo, kisu kidogo chenye makali mazuri ndicho kinachobandua gome la mdalasini bila kuliharibu. Mgeta, upande wa magharibi, ni nchi ya mboga na matunda ya baridi. Huko kisu hukata kabichi kabla hazijafungwa kwenda sokoni.

Wanawake hutumia visu kuliko watu wengi wanavyodhani. Kisu cha kumenyea magimbi, cha kupasulia ukindu wa mikeka na cha kukatia majani ya mifugo ni vitu vitatu tofauti, na mwenye navyo hapendi viazimwe.

Kwa Waislamu, mnyama wa kuliwa huchinjwa kwa kisu kikali ili asiteseke, jina la Mungu likitajwa. Ni vibaya kukinoa kisu mbele ya mnyama anayesubiri kuchinjwa. Katika jando la zamani kisu cha ngariba kilitunzwa mbali na visu vingine. Siku hizi tohara ya wanaume inafanywa zaidi hospitalini, kwa vifaa vilivyotakaswa, jambo linalopunguza hatari ya maambukizo.

Panga lina upande mwingine pia. Mito ya Uluguru hulisha mto Ruvu, ambao ni chanzo kikuu cha maji ya Dar es Salaam. Msitu wa juu ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, ukiwa na eneo la zaidi ya hekta 24,000. Kukata miti ndani yake bila kibali ni kosa. Panga lilelile linalolisha familia upande wa chini wa mpaka huweza kukausha kisima cha mtu wa mjini likivuka mpaka huo.

## Kunoa na kutunza

Kisu butu ni hatari kuliko kikali, kwa sababu mtumiaji hukaza nguvu na kisu huteleza. Kisu cha jikoni hunolewa kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Panga huhitaji pembe pana zaidi, nyuzi 25 hadi 30, ili makali yasimeguke yakigonga kuni. Shambani hutumika tupa au jiwe la mtoni. Mjini Morogoro, kama katika miji mingine ya Tanzania, wapo wanoaji wanaozunguka mitaani na baiskeli yenye jiwe linalozungushwa kwa pedali. Jiwe linalokwenda mbio hupasha makali moto. Makali yakigeuka bluu, ugumu aliouweka mhunzi umepotea, na hapo kisu kitakuwa laini hadi sehemu hiyo iishe kwa kunolewa.

Adui mkubwa wa chuma cha Uluguru ni kutu. Miteremko ya mashariki hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Chuma, maji na hewa vikikutana, kutu hutokea. Kinga ni kukausha kisu baada ya kazi na kukipaka mafuta kidogo. Kisu hakihifadhiwi kwa muda mrefu ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu. Visu visivyoshika kutu vina kromi ya angalau asilimia 10.5, lakini hata hivyo huweza kuingia madoa vikiachwa kwenye chumvi au limau.

Mtu akijikata, jeraha hubanwa kwa kitambaa safi na mkono au mguu huinuliwa juu, kisha aende kituo cha afya. Jeraha la panga lenye udongo huweza kuleta pepopunda, hivyo ni muhimu kuuliza kuhusu chanjo.

## Kubeba visu

### Desturi

Panga la shamba hubebwa wazi, mkononi au begani, makali yakielekea nje ya mwili, au ndani ya tenga. Kulibeba wazi si ukali bali adabu: anayekutana nawe njiani aone ulichonacho na ajue unatoka wapi. Anayeficha kisu ndani ya nguo ndiye anayetiliwa shaka. Ukipiga hodi kwa jirani, panga huachwa nje au huegeshwa ukutani kabla ya kukaribia kiti. Anayempa mwenzake kisu humwelekezea mpini. Mtoto hufundishwa mambo hayo kabla ya kufundishwa kumenya chungwa.

Wafugaji Wamasai na Waparakuyo wa Mvomero na Kilosa huvaa sime kiunoni ndani ya ala ya ngozi, mara nyingi nyekundu. Kwao sime ni zana ya porini, kinga dhidi ya wanyama wakali, na pia sehemu ya vazi la mwanamume. Sime ikivaliwa mjini hubadilika maana machoni pa wengine, ingawa mvaaji ni yuleyule.

Dini na mataifa mengine yana desturi zinazofanana. Wasikh walioingia katika udugu wa Khalsa, wakiwemo wale wa Afrika Mashariki, huvaa *kirpan* kama alama ya imani. Nchini Oman hanjari huvaliwa katika sherehe na imo katika bendera ya taifa tangu 1970. Mwaka 2022 ufundi na desturi zake viliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika.

### Sheria

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania (Sura ya 16) haikatazi mtu kuwa na kisu au panga la kazi. Inachokataza ni kwenda hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kwa hiyo sababu, mahali na namna ya kubeba ni muhimu kuliko urefu wa bapa. Mtu anayetumia kisu au panga kuiba kwa nguvu huweza kushtakiwa kwa wizi wa kutumia silaha, kosa lenye adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30. Visu haviruhusiwi katika mizigo ya mkononi ya abiria wa ndege.

Watanzania wanaoishi ng'ambo wanapaswa kujua kwamba sheria hutofautiana. Nchini Uingereza, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1988, kisu kidogo cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 (sentimita 7.62) na kisichojifunga kikifunguliwa kinaweza kubebwa, kingine chochote kinahitaji sababu nzuri, na mazoea ya nyumbani kwenu si lazima yahesabiwe kuwa sababu.

## Zana au silaha

Mkoa wa Morogoro umeona gharama ya zana kugeuka silaha. Tarehe 8 Desemba 2000 wakulima 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, katika mgogoro kati ya wakulima na wafugaji. Watafiti Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, katika makala iliyotolewa mwaka 2009, walieleza mauaji hayo kwa historia ndefu ya kuwabana wafugaji katika ardhi, mifugo kuingia mashambani, kushikiliwa kwa mifugo, na rushwa iliyowafanya watu wa pande zote wasiwe na imani na vyombo vya haki.

Maelezo hayo yana uzito katika mada hii. Wakulima na wafugaji wa Kilosa walikuwa wamebeba panga na sime kwa vizazi bila kila siku kuwa ya damu. Kilichobadilika hakikuwa chuma. Watu waliposhindwa kupata haki barazani, waliitafuta kwa kilichokuwa mkononi. Kukataza kubeba silaha kwenye mikutano na minada hupunguza madhara ya siku hiyo, lakini hakumalizi ugomvi wa mpaka wa shamba. Kwa upande mwingine, kusema kwamba sime ni mila tu hakumfariji aliyepoteza ndugu.

## Ukusanyaji

Watu wengi wenye mapenzi ya visu hawajiiti wakusanyaji. Ni wale ambao tangu utotoni hawatoki bila kisu cha kukunja mfukoni, ambao hununua kisu kila wanaposafiri, na ambao nyumbani wana sanduku lenye sime ya Kilosa, kotama ya Bagamoyo, na panga la UFI lililokwisha makali hadi kubaki nusu. Kisu kilichokwisha kwa kunolewa kina habari nyingi kuliko kipya: kinaonyesha mkono uliokishika, pembe aliyoipenda na kazi aliyoifanya.

Ukusanyaji wa kikoloni ulikuwa wa namna nyingine. Baada ya Vita vya Maji Maji (1905–1907) silaha nyingi zilizonyang'anywa zilipelekwa Ujerumani, na sehemu yake imo katika jumba la makumbusho ya ethnolojia la Berlin. Mikuki na visu vilivyopelekwa kwa mafungu vilipoteza jina la mwenyewe na la mhunzi. Nchini Tanzania vitu vya namna hii huonekana katika Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam, yaliyofunguliwa mwaka 1940, na katika makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Mwanza.

Mkusanyaji wa leo hushauriwa kuandika mambo matano kwa kila kisu: mahali kilipopatikana, aliyekitengeneza, aliyekitumia na kwa kazi gani, vipimo na malighafi, na siku kilipoingia katika mkusanyo. Kisu kisicho na maelezo ni chuma tu. Kusugua sana kutu ya zamani na kubadilisha mpini huharibu ushahidi. Kuna pia mipaka ya kisheria: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inadai kibali kwa kupeleka nje ya nchi vitu vya asili vya kitamaduni.

Mapenzi ya visu yaliwahi kuwa na bei kubwa kwa wanyama wa Morogoro. Nchini Yemen mipini ya jambia za fahari ilitengenezwa kwa pembe ya kifaru. Utajiri wa mafuta katika nchi jirani katika miaka ya 1970 uliongeza wanunuzi, na ujangili ukashamiri Afrika Mashariki. Katika Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake imo katika mkoa wa Morogoro, vifaru weusi waliokadiriwa kuwa maelfu walipungua hadi wachache sana. Biashara ya kimataifa ya pembe za faru na ya pembe za ndovu imekatazwa na mkataba wa CITES, na kisu chenye mpini wa malighafi hizo hakinunuliwi bila kujiingiza katika hatari ya kesi.

## Katika lugha

Kisu kimeingia katika semi nyingi za Kiswahili. "Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama" husemwa juu ya mwenye uwezo au maandalizi. "Kisu kimegonga mfupa" maana yake jambo limefika mahali pagumu. Anayesemwa kuwa ameshika makali wakati mwenzake ameshika mpini ni yule asiye na nguvu katika mabishano, kwa kuwa akivuta hujikata mwenyewe. Magazeti huandika juu ya makali ya maisha, na kocha wa mpira huambiwa anainoa timu.

## Hali ya sasa

Katika Soko Kuu la Chifu Kingalu na soko la Mawenzi mjini Morogoro, panga la kiwandani, kisu chembamba kutoka China na kisu cha springi kilichofuliwa na mhunzi huweza kupatikana siku moja. Mnunuzi mwenye ujuzi hupima cha mhunzi kwa kukigonga kwa ukucha na kusikiliza mlio, kukipinda kidogo na kutazama kama kinarudi, na kujaribu tupa juu ya makali: tupa ikiteleza, chuma ni kigumu, ikiuma kirahisi, ni laini.

Wahunzi wa kizazi cha springi wanazeeka. Kiwanda kinaweza kuziba pengo la mapanga, lakini hakifui kisu kwa kipimo cha mkono wa mteja, wala hakirekebishi panga la mkulima siku ya soko ili arudi nalo mlimani kabla ya jua kuzama.

Tazama pia: Milima ya Uluguru, Waluguru, Mkoa wa Morogoro, Uhunzi, Jambia, Elimu ya Kujitegemea